Mbwa wa Boma na Wajibu wa Mwenye Mifugo

Maelezo kwa mabaraza ya wafugaji wa Laikipia



Kuanzia Doldol na Mukogodo hadi Rumuruti na Ol Moran, mgeni anayekaribia boma hupokewa na mbwa kabla ya kupokewa na mwenyeji. Lakini ukiuliza mbwa huyo ni wa nani, alichanjwa lini na jana alikula nini, mara nyingi hapatikani wa kujibu. Ng'ombe ana mwenyewe, mbuzi ana alama sikioni, ila mbwa ni "wa hapa tu". Akimfukuza fisi usiku, asubuhi kila mtu anamwita mbwa wake. Akimng'ata mtoto wa jirani, hana mwenyewe. Mazungumzo haya ni juu ya mbwa huyo wa hapa tu, kwa sababu akitunzwa huokoa mifugo, na asipotunzwa huimaliza, tena kwa njia ambazo wafugaji wengi hawazitambui.

Kwamba anaokoa mifugo, hilo si la kubishaniwa. Watafiti walifuatilia mashambulizi ya wanyama wakali katika ardhi za jamii za kaskazini mwa Kenya, Laikipia ikiwamo, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007. Mchana, mifugo iliyokuwa salama zaidi ilikuwa ile ya kundi dogo, iliyochungwa mahali pa wazi, ikiwa na mchungaji pamoja na mbwa. Usiku, hasara ilikuwa ndogo katika maboma yenye ua mzito na malango machache, ambamo watu na mbwa walilala pamoja na mifugo. Utafiti huo haukusema mbwa peke yake anatosha. Alihesabiwa pamoja na mtu na pamoja na ua.

Ni vyema jambo hilo lieleweke, kwa kuwa wako wanaotarajia mbwa apigane na simba. Mbwa wa kienyeji hawezi kupigana na simba, wala hakuna haja ajaribu. Kazi yake ni kusikia, kunusa na kubweka, ili mtu aamke, awashe tochi, apige kelele na atoke nje. Fisi na chui hawapendi kushtukizwa. Mwenye boma anayesikia mbwa akibweka saa nane za usiku kisha akajifunika blanketi na kumtukana kutoka kitandani, huyo amemfundisha mbwa wake kunyamaza. Baada ya miezi michache ya kubweka bila mtu kutoka, mbwa naye hulala. Mwenye kutoka hata mara mbili tu kwa wiki, akamulika ua na kumwita mbwa wake kwa jina, hujifunza vilevile kutofautisha mlio wa kumbwekea mpita njia na ule wa kumbwekea chui.

Hivi karibuni baadhi ya wafugaji wamekuwa wakiuliza juu ya mbwa wakubwa wa kigeni. Habari zake ni za kweli. Huko Namibia, shirika la kuhifadhi duma la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa asili ya Uturuki, aina ya Anatolian na Kangal, tangu mwaka 1994, na wafugaji wengi waliowapokea wameripoti kwamba hasara yao ilipungua sana. Lakini adui mkubwa wa mbuzi katika mashamba yale ni mbweha, duma na simbamangu, na mashamba yenyewe yana seng'enge. Mbwa wa namna hiyo ana mwili mkubwa na hula chakula kingi kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Nchini Botswana wahifadhi wamewatumia mbwa wa kienyeji kwa kazi hiyohiyo, na wafugaji wameridhika nao. Mbwa wa Laikipia amezoea jua, miiba na kupe wa hapa. Anachokosa kwa kawaida ni malezi, wala si ukoo.

Malezi yenyewe huanza mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Mtoto wa mbwa huchagua jamaa zake kati ya wiki ya 3 na karibu wiki ya 12 ya maisha yake. Wale anaowanusa, anaolala nao na anaoamka nao katika wiki hizo ndio atakaowahesabu kuwa ndugu mpaka afe. Akizikaa wiki hizo jikoni na watoto, atawalinda watoto na jikoni. Akizikaa katika zizi la mbuzi, atakuwa wa mbuzi. Kwa hiyo anayetaka mlinzi wa mifugo amchukue mtoto wa mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8, ameshaachishwa kunyonya, na amweke moja kwa moja katika zizi.

Atengewe kona ndogo yenye mlango ambao yeye anaweza kuupita na mbuzi hawawezi, ili awe na pa kukimbilia mbuzi mkali akimpiga kichwa. Wenzake wa kwanza wawe wana-mbuzi au wana-kondoo wapole, wachache, na jike mtu mzima mmoja au wawili wasioogopa mbwa. Alishwe mle mle zizini. Mtu apite kila siku, amshike mwili mzima, amfungue kinywa, amguse miguu na masikio, amzoeze kamba shingoni. Mbwa asiyeshikika hawezi kuchanjwa wala kutibiwa, na siku akijeruhiwa na miiba atakimbilia porini kufia huko. Ila mtu huyo asimfanye kipenzi cha kulala naye nyumbani. Watoto waruhusiwe kumjua na kumwita jina, lakini wakimaliza wamrudishe kwa mbuzi.

Halafu huja umri wa ujinga. Kuanzia miezi 4 au 5 hadi kupita mwaka, mbwa huyu ni kijana mwenye nguvu na asiye na akili nyingi. Atawafukuza wana-mbuzi kwa mchezo, atawavuta masikio, pengine atamwangusha mmoja akamuumiza. Wengi humuua au kumtupa wakati huo, wakisema ameonja damu na hafai tena. Si hivyo. Ni mchezo, nao unarekebishika: akaripiwe papo hapo kwa sauti kali, atenganishwe na wana-mbuzi asipokuwa na mtu wa kumtazama, na arudishwe kwa mbuzi wakubwa wasiokubali kuchezewa. Asipigwe baadaye kwa kosa la asubuhi, kwa sababu hataelewa anachopigiwa. Kwa kawaida hutulia akifikisha mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Mfugaji aliyevumilia hadi hapo atakuwa na mlinzi wa miaka mingi.

Wapo wanaoamini kwamba mbwa akilishwa pilipili au nyigu atakuwa mkali, au akikatwa masikio atasikia zaidi. Hayo humtesa mnyama bila faida. Hata kumfunga kwa mnyororo mfupi mchana kutwa hakumfanyi mlinzi, kunamfanya awe na hasira kwa kila anayepita, hasa watoto wa shule. Mwenye boma lililo karibu na njia ya watu awe na lango linalofungwa, na wageni wabaki na desturi ya kupiga hodi kwa mbali na kungoja.

Chakula ni suala la haki na la usalama pia. Mbwa anayeshinda na mbuzi akitembea kilomita nyingi hawezi kuishi kwa kulamba sufuria. Asipolishwa atajilisha, na atakachopata ni mayai ya jirani, mtoto wa swara, mzoga uliotupwa, na mwishowe mwana-kondoo wa boma la pili. Ugali uliochanganywa na maziwa, omena au mchuzi wa mifupa, kila siku, saa ileile, zizini, unamtosha mbwa wa kienyeji. Mbavu zake zipapasike kwa mkono lakini zisihesabike kwa macho. Kwa kipimo hicho, boma lenye mbwa wawili walioshiba linalindwa vizuri kuliko lenye mbwa wanane wenye njaa.

Hapa pana jambo linalohitaji kusikilizwa kwa makini na kila mwenye kisu cha kuchinjia.

Wafugaji wanaufahamu ugonjwa wa kizunguzungu, unaoitwa ormilo kwa Kimaasai. Kondoo au mbuzi huanza kuinamisha kichwa upande mmoja, huzunguka mahali pamoja, hugonga miti kama kipofu, na mwishowe huanguka. Akichinjwa na kichwa kupasuliwa, ndani ya ubongo hukutwa kifuko cha maji. Wachungaji wengi, wakishakiona kifuko hicho, humtupia mbwa kile kichwa, kwa kuwa watu hawataki kukila. Hapo ndipo ugonjwa unapopandwa upya. Kifuko kile ni watoto wa mnyoo, na mnyoo huo hukua na kukomaa tumboni mwa mbwa. Mbwa mwenyewe haonekani mgonjwa. Huendelea kulinda, na kila anapojisaidia malishoni au zizini huacha mayai kwenye majani, kondoo huyala, na baada ya miezi wengine huanza kuzunguka. Kwa hiyo mfugaji anaweza kupoteza kwa kizunguzungu kondoo wengi kuliko walioliwa na fisi, na mpanzi wa ugonjwa akawa mlinzi wake mwenyewe, aliyelishwa kichwa kwa mkono wake mwenyewe.

Mnyoo mwingine wa mbwa, mdogo sana, huleta vifuko vya maji kwenye maini na mapafu ya mifugo, na huyo hamwachi binadamu. Mtu huyapata mayai yake kwa mikono iliyomshika mbwa, kwa maji au chakula kilichochafuliwa. Kifuko hukua polepole kwa miaka, hadi tumbo livimbe na mgonjwa apelekwe kupasuliwa. Kaunti ya Turkana ilijulikana duniani kote kwa wingi wa wagonjwa wa aina hiyo. Watoto wanaocheza na mbwa na akina mama wanaosafisha zizi ndio walio karibu zaidi na hatari.

Kinga yake haina gharama kubwa. Mbwa asipewe kichwa, ubongo, maini, mapafu wala matumbo mabichi. Kinachotupwa kichomwe au kizikwe shimo refu lililofunikwa kwa mawe, na kinachopewa mbwa kichemshwe hadi kiive kabisa. Mbwa apewe dawa ya minyoo yenye praziquantel, kwa kipimo na kwa vipindi atakavyoelekeza daktari wa mifugo, maana dawa ya minyoo ya mbuzi si mbadala wake. Siku za arusi, za tohara na za sikukuu, mifugo inapochinjwa mingi kwa pamoja, mbwa wafungwe mpaka mabaki yazikwe. Kwa desturi siku hizo ndizo wanazoachwa wajilie watakavyo.

Kichaa cha mbwa kiliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, karibu na Nairobi, na mpaka leo bado kinaua. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Karibu visa vyote vya binadamu duniani hutokana na mbwa. Serikali ya Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na mbwa ifikapo mwaka 2030, na njia yake inajulikana: kati ya kila mbwa 10, angalau 7 wachanjwe, na chanjo irudiwe kila mwaka. Mbwa huanza kuchanjwa akifikisha miezi 3. Mbwa wa mifugo ndiye anayekutana na mbweha na mbwa wasio na mwenyewe huko malishoni, kwa hiyo yeye ndiye wa kutangulia kuchanjwa. Lakini mara nyingi ndiye anayekosa, kwa sababu siku ya chanjo yuko malishoni na mbuzi.

Mtu aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa, au mate ya mbwa yakigusa kidonda, aoshe mahali hapo papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asipake pilipili, majivu wala mafuta ya gari. Chanjo ya mtu aliyeng'atwa hutolewa kwa awamu, na aliyeanza azimalize zote kama alivyoelekezwa. Mbwa aliyeng'ata asiuawe haraka na kuzikwa. Akiweza kufungiwa bila mtu kuhatarishwa, afungiwe na atazamwe kwa siku 10 huku afisa wa mifugo amearifiwa. Akifa ndani ya siku hizo, afisa atajua la kufanya na mzoga wake.

Pia wachungaji wajue kwamba ng'ombe naye hupata kichaa. Akitokwa na mate mengi, akashindwa kumeza na kulia kwa sauti ya ajabu, wengi hudhani kuna kitu kimemkwama kooni na kumtia mkono mdomoni. Mkono usitiwe. Aitwe daktari wa mifugo, na nyama au maziwa ya mnyama huyo yasitumiwe.

Mbwa huambukizana pia na wanyamapori. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi walihusishwa na chanzo chake. Hapa Laikipia, ugonjwa huo huo ulizuka mwaka 2017 na kuwaua mbwa mwitu karibu wote, ambao wageni walikuwa wakija kutoka mbali kuwaona. Wenye mbwa karibu na hifadhi za wanyama wamuulize daktari wa mifugo juu ya chanjo hiyo pia.

Yako malalamiko ambayo machifu hupelekewa mara kwa mara: kondoo wameuawa usiku, jirani anasema ni fisi, jirani mwingine anasema ni mbwa wa fulani. Mara nyingi mizoga yenyewe ina jibu. Chui hushika koo na mara nyingi hubeba mnyama mmoja akamficha. Fisi hula mifupa na ngozi, habakishi kitu kingi. Mbwa walioungana usiku hung'ata kondoo wengi, mapajani, ubavuni na masikioni, na kuwaacha wakiwa wamekufa au wameraruka bila kuwala sana. Wenye kondoo watazame kabla ya kulaumu, na waite afisa kabla mizoga haijaondolewa, kwa sababu dai la fidia kwa KWS nalo huhitaji ushahidi.

Jambo moja lisifanywe kabisa, nalo ni kutia sumu kwenye mzoga. Ni kosa kisheria, na sumu haichagui. Hufa fisi, hufa tai wanaosafisha malisho, na kwa kawaida mbwa wa kwanza kufa ni wa yule aliyeitega na wa majirani zake. Boma hubaki bila wa kubweka, na chui aliyekuwa akitafutwa anarudi.

Njia nyepesi ya kuzuia mbwa wasiungane usiku ni kupunguza idadi. Jike mmoja anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na watoto wasiotakiwa hutupwa sokoni na kando ya barabara, ambako huwa ndio mbwa koko wa kesho. Mbwa aliyehasiwa, au jike aliyefungwa uzazi, hulinda vilevile na hatangitangi. Mfugaji asikubali kuwa na mbwa asioweza kuwalisha na kuwachanja. Na mbwa wa mifugo asitumiwe kuwinda. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977, na mbwa aliyezoea kukimbiza swara huwaacha mbuzi peke yao.

Kuhusu sheria, Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti na kulinda maslahi ya wanyama, ikiwamo kutoa leseni za mbwa. Kwa hiyo swali la mbwa ni la wadi na kaunti ndogo, na mahali pa kuanzia ni kwa afisa wa mifugo wa wadi. Mwenye mbwa atakayefika huko awe na majibu matatu: mbwa ni wangapi, wana umri gani, na kadi za chanjo ziko wapi.

Siku ya chanjo ikitangazwa, mbwa aletwe na mtu mzima anayemjua, si na mtoto mdogo. Afungwe kamba ya shingoni, ndefu kiasi na imara, na akiwa mkali afungwe mdomo kwa kitambaa kabla ya kufika kwenye foleni. Mwenye boma apange siku hiyo mbuzi watoke wakiwa wamechelewa, au mtu mwingine awachunge asubuhi, ili mbwa wa malishoni naye afike. Kadi ihifadhiwe mahali pamoja na vitambulisho vya nyumba, kwa maana daktari wa kituo cha afya ataiuliza siku mtu aking'atwa.

Maswali yaanze upande wa akina mama.